Seva mbili, hema moja, na mjukuu tuliyemgombania mi na bamwana wangu wa Gihosha

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa zangu shikamoo, wadogo niamkieni wenyewe.

Mi ni bibi wa hapa Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, na butiki yangu iko mtaa wa Asiatique. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mkiona herufi imekosea nyamazeni msome. Naandika mwenyewe kwa simu, kidole kimoja. Hakuna mtu ananiandikia.

Nitakayosema yamenipata mimi, sikusimuliwa. Majina tu nimebadili, maana mji wetu ni mdogo na watu wana masikio.

Uzi nimeuweka jukwaa la kompyuta kwa sababu nasikia humu kuna watu wa seva. Mods wakiona unafaa jukwaa la mahusiano, wauhamishe. Mi naona unafaa pote pawili.

Haya.

Kazi yetu ni kukodisha vitu vya harusi. Mahema, viti, sahani, masufuria ya pilau, mazulia, mapambo ya mahali wanapokaa maharusi. Ilianzishwa na mwanangu na mke wake kabla hawajaenda Ulaya kutafuta maisha. Walipoondoka wakaacha nusu ya vitu kwangu Asiatique, nusu kwa mama wa yule mke, kule Gihosha.

Huyo mama ndiye ninayemwita bamwana. Hapa kwetu wazazi ambao watoto wao wameoana wanaitana hivyo, bamwana huku, bamwana kule. Ni jina la heshima, na heshima nampa. Upendo ni kitu kingine.

Bamwana alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Nyumba yake iko juu mlimani, hewa nzuri, kutoka barazani analiona ziwa lote. Watu wakiingia kwake wanavua viatu bila kuambiwa. Kwangu wanaambiwa.

Sasa kati yetu sisi wawili yupo Rehema.

Rehema ni mtoto wa hao walioenda Ulaya, mjukuu wangu na mjukuu wake. Ila mi ndiye niliyemlea. Nilimwogesha, nilimsuka, nililala naye chini hospitalini alipokuwa na malaria. Leo ni mwanamke mzima, kasoma kompyuta, ana kazi mjini ya kutunza database za ofisi moja kubwa, zile ambazo data moja inakaa kwenye seva nyingi za mahali mbalimbali na zote lazima ziseme kitu kimoja. Wanaita replication. Alinifundisha kulitamka na nalitamka vizuri kuliko wengine wenu humu.

Kwa bamwana, Rehema si Rehema. Kule anaitwa Kaneza, jina alilompa yeye siku ya kuzaliwa. Nikisikia mutu anamwita Kaneza namsahihisha palepale. Nasema kama lilivyo.

Mwanzoni hizi butiki mbili zilikuwa zinapeana habari kwa ujumbe wa simu, na kila msimu wa harusi zinagongana. Yeye anakodisha viti ambavyo mi nimekwisha ahidi. Rehema akachoka kuwa tarishi wetu. Akaleta seva mbili, mashine nyeusi kama sanduku la viatu, moja akaweka kwangu, moja Gihosha, akaziunganisha kwa mtandao.

Alinieleza hivi, wataalamu mtanisahihisha:

"Bibi, mashine moja inaongoza, nyingine inafuata. Ya kuongoza ndiyo inaandika. Kila inachoandika, ya kufuata inakopi palepale. Moja ikifa, nyingine ina kila kitu."

"Na ya kuongoza itakaa wapi?"

"Hapa kwako."

Niliinuka nikamwekea chai.

Wakuu, ule ulikuwa wakati mzuri wa maisha yangu, na nimeishi miaka mingi. Jioni Rehema akitoka kazini anapita Asiatique kuangalia mashine. Anafungua laptop, anaangalia kama kopi zinafika Gihosha, kama diski haijajaa, kama backup imepita. Mi niko pembeni napiga pasi vitambaa vya meza, nasikiliza vidole vyake. Akimaliza tunafunga butiki, tunarudi nyumbani pamoja.

Na Gihosha wananingoja mimi. Bamwana akitaka kuandika mteja, maandishi yake yanashuka mlima mpaka butikini kwangu kwanza, ndipo yanamrudia. Nilikuwa nalifikiria jambo hilo nikiwa nimekaa, nikiwa nasimama, na wakati mwingine nikiwa nasali, Mungu anisamehe.

Lakini umeme wetu mnaujua. Unakwenda unapotaka, unarudi unapotaka. Jenereta ninayo, ila esansi ya kutia humo ndiyo ya kutafuta, na foleni za vituo mnaziona wenyewe. Mashine yangu ikizimika, Gihosha nao wanakwama, maana anayeongoza amelala.

Bamwana ana paneli za jua paa zima.

Mnaona inakoelekea.

Siku moja Rehema akaingia butikini, hakukaa hata chini.

"Bibi, nahamisha uongozi uende Gihosha. Ya kwako itafuata."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Haina umeme tu."

"Nitanunua betri."

"Ulinunua, bibi."

"Nitanunua nyingine."

"Si adhabu hii. Ni mashine. Mteja hatajua nani anaongoza."

Mteja hatajua, mi nitajua.

Tangu siku hiyo mashine yangu ikawa ya kusoma. Nikitaka kuandika, maandishi yangu yanapanda mpaka Gihosha kuomba njia. Mtandao ukikatika, naona kila kitu kwenye kioo na siwezi kugusa hata kijiko kimoja. Bamwana anaandika, mi nasoma. Na kazi hii ilianza na masufuria ya marehemu mume wangu.

Na mashine ya kuongoza ndiyo inataka kuangaliwa. Kwa hiyo jioni Rehema akawa anapanda Gihosha. Kwangu anafika kulala. Namwekea sahani, anaichokora.

"Hauli?"

"Nimekula kwa bibi."

Bibi. Na mi niliyesimama na mwiko mkononi ni nani?

Siku moja akarudi na kitambaa kipya kichwani. Siku nyingine akarudi na maneno ya Kifaransa ambayo hakuwa nayo asubuhi. Siku nyingine akaniambia maharage yangu yana chumvi. Maharage hayo hayo yaliyomwotesha meno.

(Kuna kijana ameuliza hapo chini kama nilikuwa namwonea bamwana wivu. We kijana umesoma kweli? Ndiyo. Endelea kusoma.)

Sasa lazima mjue kwa nini mi na bamwana tulikuwa hatupigiani simu, maana kila kitu kinatoka hapo.

Rehema alipomaliza chuo tulifanya sherehe. Mi nilipika, bamwana akasimama akahutubia. Kwa Kifaransa, mbele ya wageni wote. Watu wakapiga makofi, na mi nikapiga. Baadaye nikamwuliza jirani yangu alisema nini. Akasita, halafu akaniambia: "Amesema bibi mmoja alilisha tumbo la mtoto, na bibi mwingine akalisha kichwa."

Mi nilikuwa bado nina mikono ya vitunguu.

Tangu hapo salamu zetu zikawa zinapitia kwa Rehema. Mwambie bibi yako namsalimu. Mwambie na yeye. Basi. Namba yake ninayo kwenye simu, na yeye ana yangu, kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze.

Haya, sasa ofisi ikamtuma Rehema Gitega, kuna seva walikuwa wanafunga huko. Kabla hajaondoka akanikalisha mbele ya kioo.

"Bibi, nimekuwekea kitufe hiki hapa, kinaitwa Ongoza. Mashine ya Gihosha ikifa kabisa, unakibonyeza, ya kwako inashika uongozi."

"Vizuri."

"Ngoja sijamaliza. Kabla ya kubonyeza, unampigia bibi wa Gihosha. Anakuambia kama mashine yake imekufa kweli. Kama haijafa, anaizima mwenyewe kwa mkono, anakuambia nimezima. Ndipo unabonyeza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu mashine yako ikiacha kuisikia ile nyingine, haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au njia tu imekatika. Kutoka hapa vinaonekana sawa. Lazima mutu aulize mutu."

"Nimesikia, Rehema."

Akaniangalia kidogo. "Mtaongea?"

"We nenda safari yako."

Akaenda.

Siku ile yenyewe ilikuwa mchana mzuri tu. Umeme upo. Wakaja wachimbaji wa barabara huko mbele, wakakata waya wa intaneti, mtaa mzima ukabaki bila mtandao. Simu za kawaida zilikuwa zinapiga. Lisemwe hilo mapema, maana Rehema alikuja kuniuliza.

Wakati huo huo akaingia Mama Hawa, rafiki yangu wa Buyenzi tangu tuko wasichana. Anamwoza binti yake, anataka hema kubwa jeupe, lile lenye mapazia ya lesi. Lile ni moja tu kwa butiki zote mbili, na sheria yetu ni kwamba haliahidiwi kwa mdomo mpaka liandikwe kwenye mashine.

Naangalia kioo, Jumamosi anayoitaka iko wazi. Naandika, mashine inakataa.

"Nini?" Mama Hawa anauliza.

"Rezo ya intaneti imekatika. Ngoja kidogo."

"Imekatika unaona lakini huwezi kuandika?"

"Yanaandikiwa Gihosha."

"Aa." Akavuta mtandio wake. "Kumbe siku hizi unaomba ruhusa mlimani."

"Siombi ruhusa kwa mutu."

"Mi sisemi kitu. Basi nipe namba ya bamwana wako, nijiandikishe kwake moja kwa moja. Nasikia kule hawakwami."

Wakuu, mtu niliyecheza naye bao utotoni. Ndani ya butiki yangu. Anataka namba ya bamwana.

Nikabonyeza kitufe.

Kioo kikaniuliza kama nina hakika mashine nyingine imezimwa. Nikabonyeza Ndiyo. Sikuona kama namdanganya mtu, ilikuwa ni mashine inauliza.

Na ikakubali. Nikaandika hema kwa jina la Mama Hawa, herufi zikakaa pale zimetulia. Nikamwonyesha. Akasema haya vizuri, akaondoka. Nikaita mpaka watu waliokuwa wananisubiri tangu asubuhi, nikaandika viti, nikaandika sahani, nikaandika zulia ambalo hakuna aliyeliomba vizuri. Niliandika kama mutu aliyefunguliwa mikono.

Baadaye mtandao ukarudi. Mashine hazikusema kitu, nikaendelea kuandika.

Siku zilizofuata nikaona jambo. Kwenye kioo changu hakuna maandishi mapya kutoka Gihosha. Hata moja. Harusi zote mpya ni zangu. Nikajiambia, leo wateja wamemjua. Wamemkimbia na Kifaransa chake. Nilinunua samaki mkubwa jioni ile, mukeke mzuri wa mafuta, nikala peke yangu kwa furaha.

Rehema aliporudi kutoka Gitega alikuja kwangu kwanza. Hilo mliandike. Kwangu kwanza, na begi lake mgongoni.

Akakaa, akafungua laptop. Vidole vikaenda, vikasimama. Vikaenda tena.

"Bibi, ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Ulimpigia?"

"Rezo ilikuwa hakuna."

"Ya simu ilikuwepo. Mimi ulinipigia siku hiyo ukaniuliza kama Gitega kuna baridi."

Nikaokota kitambaa nikaanza kukikunja.

Akageuza laptop nione. Safu mbili, kushoto za kwangu, kulia za Gihosha. Mpaka siku ya waya kukatika zilikuwa sawa kama mapacha. Baada ya hapo kila moja na mambo yake.

"Gihosha haikufa," akasema. "Ilikuwa hai inaandika, na we ukaanza kuandika. Mashine mbili zote zinaongoza. Mtandao uliporudi zikakutana, kila moja inamwambia mwenzake mi ndiye, nifuate. Hakuna aliyefuata. Zikaachana."

"Kwa hiyo hawakumkimbia."

"Nani?"

"Wateja. Kule."

"Apana, bibi. Ana wateja kama kawaida. Ila na yeye alikuwa haoni wa kwako." Akaongeza: "Alinitumia ujumbe Gitega. Ameniuliza kama unaumwa, maana butiki yako imekufa. Halafu akasema kama umechoka, yuko tayari kuchukua vitu vyote."

Mnamwona huyo mama?

Ikabidi kuunganisha kwa mkono. Rehema alisema hakuna mashine inayoweza kujua lipi ni kweli, walioyaandika wapo, wakae waseme. Kesho yake bamwana akashuka Asiatique. Kwa gari la kukodi, miwani kwenye kamba, na chupa ya chai ameibeba kutoka kwake. Kwangu kuna chai.

"Bamwana, amahoro," akasema.

"Amahoro, bamwana. Karibu kiti."

"Viti vyako ni vizuri. Ndio hivi vilivyokuwa vimepumzika?"

"Havijapumzika. Ni macho yako ya mlimani yalikuwa hayaoni huku chini."

"Mais, lakini bamwana, mi nilikuwa na wasiwasi na afya yako."

"Niliona. Ulikuwa tayari kunizika na kurithi sahani."

"Mabibi," Rehema akasema, "tuanze."

Tukaanza. Anasoma moja moja. Hii nani aliandika? Mimi. Ipo kweli? Ipo. Hii? Yeye. Ikaonekana nyingi hazigombani, viti vya huyu na sahani za yule, akaziingiza zote. Pale zilipogongana, viti vingi kuliko vilivyopo, tukapunguza huku na huku. Mi nilibana, yeye alibana, tukafika.

Katikati ya kazi bamwana akafungua chupa yake akammiminia Rehema chai, bila sukari, akakata limao ndani. Rehema akapokea bila kuangalia, kama mtu wa nyumba ile. Kwangu anakunywa na sukari vijiko vya kujaa. Au alikuwa anakunywa kwa sababu mi ndiye niliyekuwa naweka, sijui. Sijamwuliza mpaka leo.

Tukafika kwenye hema.

Jumamosi ile ile, hema lile lile. Kushoto, Mama Hawa. Kulia, familia moja ya Gihosha, harusi ya kanisani, mtoto wa mwalimu mwenzake bamwana.

"Nani aliandika kwanza?" bamwana akauliza. "Mashine inaweka saa. Soma saa."

"Saa zinasema we, bibi," Rehema akamwambia. "Lakini saa hizo haziaminiki. Mashine ya Asiatique inazimika kila mara, saa yake ilikuwa imeteleza, na hapakuwa na mtandao wa kuirekebisha. Tofauti ya saa za mashine ni kubwa kuliko muda uliopo kati ya maandishi yenu. Siwezi kusema nani wa kwanza."

"Basi ni ya kwangu, kama ilivyoandikwa," bamwana akasema.

"Ya kwako kwa saa mbovu," nikasema.

"Mbovu ni ya nani?"

Rehema akafunga laptop. Hakuifunga kwa hasira, aliifunga kama mtu anayefunika chungu.

"Mi siwezi kuchagua kati yenu. Nisingeweza hata kama saa zingekuwa nzima. Kesho mtaniambia hema ni la nani, nitaandika."

Alivyosema "kati yenu" sauti yake ilikatika katikati. Wote wawili tulisikia. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Usiku ule nilifikiria. Si kwa wema, msinipambe. Nilifikiria kwamba mmoja atatoa, na atakayetoa Rehema atamkumbuka. Miaka yote iliyobaki atasema, bibi yule ndiye aliyeachia. Nikaona sura ya bamwana anaachia kwa heshima zake zote, kwa Kifaransa, na mi nimebaki na hema.

Nikakataa.

Asubuhi nikaenda Buyenzi kwa Mama Hawa. Nikamwambia hema halipo, imetokea kosa, nisamehe. Aliniosha mbele ya dada zake wote. Akasema nimekuwa mkubwa wa umri na mdogo wa neno. Nikasimama nikapokea yote. Kabla sijatoka mlangoni alikuwa amekwisha piga simu kwa wakodishaji wengine, wakampa hema lao la buluu, akakubali.

Nikarudi Asiatique nimenyooka. Bamwana amekwisha fika, amekaa kwenye kiti kile kile. Rehema amesimama.

"Hema nimeliachia," nikasema. "Ni la Gihosha. Nimeshamwambia mwenyewe Mama Hawa."

Bamwana akavua miwani.

"Apana," akasema. "Mi nimeliachia. Jana jioni nilimpigia yule mwalimu. Amekasirika, amepata hema kwingine. Ni la kwako."

"Nani alikuambia uachie?"

"Na we nani alikuambia?"

"Nilitaka mutoto apumzike."

"Na mi nilitaka apumzike."

Mnajua na yeye alichotaka. Nilikiona usoni kwake kama naangalia kioo cha kujitazama.

Rehema akaangalia kwangu, akaangalia kwake. Akakaa, akaweka kichwa juu ya meza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia kidogo, halafu akajifuta.

"Hata bila mashine," akasema, "mnafanya vile vile."

Jumamosi ile harusi mbili zilifanyika mjini, na hema letu zuri kuliko yote lilikuwa kwenye mfuko wake, Asiatique, limefungwa kamba. Nilikaa nalo mchana kutwa. Wateja waliniuliza kwa nini halijakodishwa msimu huu, nikasema linafuliwa.

Wiki iliyofuata Rehema alituita wote wawili. Akasema mashine mbili hazitoshi. Zikiachana, kila moja inajiona yenyewe tu. Inatakiwa ya tatu, ya kushuhudia. Mbili zikionana ndizo zinachagua kiongozi. Iliyobaki peke yake hairuhusiwi kuandika, hata ikiwa na umeme wa dunia nzima. Kitufe changu anakitoa.

Nikasema ya tatu iwekwe nyumbani kwangu, kuna nafasi chini ya kabati.

Bamwana akasema kwake kuna chumba kizima na hewa ya baridi, mashine zinapenda baridi.

"Itakaa kwangu," Rehema akasema.

"Ndio nilivyosema, kwetu, chini ya kabati."

"Kwangu, bibi. Nimepanga chumba Nyakabiga. Karibu na kazi."

Bamwana akasema neno la Kifaransa polepole, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji mutu wa kunitafsiria.

Alihama mwisho wa mwezi. Nilimpa masufuria, bamwana akampa mapazia. Nimekwenda kuona. Chumba kidogo, safi, dirisha moja. Seva ya tatu iko juu ya rafu karibu na kitanda, taa yake ya kijani inawaka. Chai anajipikia. Nilitaka kuangalia kama anatia sukari, akaninyang'anya sinia akasema bibi kaa, leo we ni mgeni.

Mgeni.

Mashine sasa zinafanya kazi, siwezi kusema uongo. Uongozi unahama wenyewe. Leo kwangu, umeme ukienda unapanda Gihosha, mambo yakiharibika huko unarudi. Hakuna harusi iliyogongana tena. Na bamwana akikatika peke yake, na yeye anasoma tu, haandiki. Hilo nalipenda.

Rehema anakuja kwangu Ijumaa, anakwenda Gihosha Jumapili. Siku zilizobaki hatunaye sote wawili.

Somo langu kwa ninyi wa seva ni hili: mkijenga mfumo wenu, msiuweke juu ya simu ya mabibi wawili wasiosalimiana. Mutu hatapiga. Mtasema ni wazima, wana akili, watapiga. Hawatapiga. Wekeni shahidi tangu siku ya kwanza, na huyo shahidi asiwe mtoto wa watu.

Kwa mabibi wenzangu sina la kuwafundisha. Ningesema wivu umeniisha ningekuwa nawadanganya. Jumapili mchana huwa sili vizuri. Jana bamwana alinipigia, mara ya kwanza kabisa, akaniuliza kama Ijumaa Rehema alionekana amekonda. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Akasema na yeye ameona. Tukakaa kwenye simu hatusemi kitu, kila mmoja anapumua, mpaka salio lake likaisha.

Wenye mjukuu mmoja na bibi wawili, semeni mnagawanaje. Na mnaojua mashine mniambie kama nilichoeleza kuhusu saa kuteleza ni sawa, maana bamwana bado anadai lile hema liliandikwa kwake kwanza. Matusi sijibu.